Neno “baba” katika lugha za dunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maneno ya Kiswahili ambayo watu hupenda kuuliza asili yake ni yale yenye sura ya kigeni. “Baba” halina sura hiyo hata kidogo. Ni neno fupi, kila mtu amelijua tangu kabla ya kujua kwamba kuna kitu kinachoitwa lugha, na ndiyo maana wengi hushangaa wanapolisikia kinywani mwa Mturuki, Mchina au Myoruba likiwa na maana ile ile, kisha hushangaa zaidi wanapoambiwa kwamba kwa Mbulgaria baba ni mwanamke. Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa kwa ajili ya msomaji asiye mwanaisimu, na yameanza na swali linaloleta ubishi kuliko yote.

Je, Kiswahili kililichukua neno “baba” kutoka Kiarabu au Kiajemi?

Hapana. Jibu hili linahitaji maelezo marefu, kwa sababu dhana kwamba kila neno la pwani lilishuka kutoka jahazini imeota mizizi, na wengi huipokea bila kuipima.

Tuanze na majirani na ndugu wa Kiswahili. Mkikuyu humwita baba yake “baba”. Mshona wa Zimbabwe husema “baba vangu”, akiweka kimilikishi cha wingi kwa heshima, ingawa baba ni mmoja. Mzulu wa Afrika Kusini husema “ubaba”. Lugha hizi hazikuishi na Kiarabu kwa karne nyingi kama Kiswahili kilivyoishi nacho, na bado neno limo ndani yake, tena limo katika sehemu ya ndani kabisa ya sarufi. Kwa Kikuyu, “baba” ni baba yangu tu. Baba yako ni “thoguo”, na baba yake ni “ithe”. Kwa Kizulu, baba yangu ni “ubaba”, baba yako ni “uyihlo”, na baba yake ni “uyise”. Kinyarwanda na Kirundi vina mpangilio huo huo kwa neno jingine: “data” ni baba yangu, “so” ni baba yako, “se” ni baba yake. Neno lililokopwa juzi sokoni haliingii katika mfumo wa namna hii, ambamo kila mwenye baba ana neno lake.

Ushahidi wa pili unatoka katika Kiarabu chenyewe. Neno la Kiarabu sanifu kwa baba ni “ab”, na Kiswahili kinalijua vizuri katika umbo la “Abu” lililomo ndani ya majina kama Abubakari na Abunuwasi. Hatukulifanya kuwa neno la kawaida la kumwita mzazi, kwa kuwa mahali pake palikuwa pameshajaa.

Ushahidi wa tatu, ambao mimi naona ndio wenye uzito zaidi, ni maneno ya ukoo ambayo kweli tuliyapokea kutoka Kiarabu. Tulichukua “ami”, yaani ndugu wa kiume wa baba, na kutokana na mzizi huo huo tukapata “binamu”, mtoto wa ami. Kiarabu kinahitaji neno hilo kwa sababu kinamtenganisha kabisa baba na ndugu yake. Jamii nyingi za Kibantu hazikumtenganisha hivyo: ndugu wa baba ni baba pia, akiwa baba mkubwa au baba mdogo kulingana na umri wake mbele ya baba mzazi. Kiswahili leo kina mifumo yote miwili ikiishi nyumba moja, na mtu wa pwani anaweza kusema “ami yangu” na “baba yangu mdogo” akimaanisha mtu yule yule. Kilichotoka ng'ambo kinaonekana wazi katika mpangilio huo, na “baba” haliko upande huo.

Je, Wabantu wote husema “baba”?

La. Sehemu kubwa husema “tata” au neno linalokaribiana nalo: Waganda husema “taata”, wasemaji wa Kilingala husema “tata”, na Waxhosa, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu sana wa Kizulu, husema “utata”. Kwa hiyo hata ndani ya familia moja ya lugha kuna maneno mawili makuu yanayogombea nafasi moja, na yote mawili yamejengwa kwa njia ile ile: konsonanti moja inayotamkwa kwa urahisi, irabu “a”, kisha silabi inarudiwa.

Kama halikukopwa, mbona Mchina, Mturuki, Mbengali na Mwajemi nao wanalo?

Mturuki husema “baba”, Mbengali husema “baba”, Mwajemi husema “baba” nyumbani na “pedar” katika lugha rasmi, na Mchina husema “baba”, silabi ya kwanza ikishuka kwa toni na ya pili ikitamkwa kwa wepesi. Baadhi ya lugha hizi zimeambukizana; Kituruki na Kiajemi, kwa mfano, zimekaa pamoja kwa muda mrefu mno kiasi kwamba si busara kudai hazikuathiriana. Lakini hakuna njia ya biashara wala ya dini inayoweza kuunganisha Kichina, Kiyoruba na Kizulu kwa neno la kumwita baba.

Maelezo yanayokubaliwa na wanaisimu wengi yanaanzia kinywani mwa mtoto mchanga. Akikaribia miezi sita au saba, mtoto huanza kutoa silabi zinazorudiwarudiwa. Sauti anazozimudu mapema ni zile zinazotengenezwa kwa midomo, yaani “b”, “p” na “m”, ambazo hazihitaji ulimi kufanya kazi ngumu. Irabu anayoimudu mapema ni “a”, ambayo inahitaji kufungua mdomo tu. Mdomo ukifungwa na kufunguliwa huku sauti ikitoka, kinachosikika ni “bababa” au “mamama”. Mtoto hajamwita mtu yeyote. Ni mzazi aliyeketi mbele yake ndiye anayeamua kwamba ameitwa, akafurahi, akamrudishia mtoto neno lile lile, na kwa kurudishiwa mara nyingi mtoto akajifunza kwamba sauti hiyo ina mwenyewe.

Mwanaisimu Roman Jakobson alilieleza jambo hili katika makala iliyochapishwa mwaka 1960. Alitumia maneno 1,072 ya mama na baba yaliyokuwa yamekusanywa na mwanaanthropolojia George Peter Murdock kutoka lugha za sehemu mbalimbali za dunia, 531 ya mama na 541 ya baba. Asilimia 55 ya maneno ya mama yalikuwa na sauti za puani, yaani “m”, “n” au “ng'”, ilhali kwa maneno ya baba yalikuwa asilimia 15 tu. Jakobson aliihusisha “m” na kunyonya: mtoto aliyefunga midomo kwenye ziwa anaweza kutoa sauti kwa kupitia puani tu, na baadaye huirudia sauti hiyo anapotaka chakula au anapomtaka anayekileta. Baba, ambaye hanyonyeshi, huangukiwa na sauti zilizobaki.

Je, kuna lugha inayopindua mambo, baba akaitwa “mama”?

Ipo, na ni mfano unaopendwa sana na walimu wa isimu. Katika Kigeorgia, lugha ya nchi ya Georgia iliyoko kwenye milima ya Kaukazi, “mama” ni baba na “deda” ni mama. Babu ni “babua”, na bibi ni “bebia”. Mfano huu hauvunji maelezo ya hapo juu, bali unaonyesha mipaka yake. Watoto wa Kigeorgia hutoa sauti zile zile wanazotoa watoto wa Tanga au wa Beijing. Kinachotofautiana ni uamuzi wa watu wazima kuhusu sauti ipi ni ya nani. Asili ya sauti ni mwili, lakini maana yake hutolewa na jamii.

Kwa nini kwa Waslavu “baba” ni mwanamke?

Kwa sababu hiyo hiyo ya uamuzi wa jamii. Kwa Wabulgaria na Waserbia, “baba” ni bibi, mzaa mama au mzaa baba. Kwa Warusi neno hilo peke yake lilimaanisha mwanamke wa kijijini, na leo lina ukali wa dharau ambao mgeni anapaswa kujihadhari nao. Bibi anayependwa huitwa “babushka”, yaani lile lile neno likiwa limeongezewa kiambishi cha kudogosha na cha mapenzi. Mchawi mzee wa ngano za Kirusi, anayeishi msituni katika nyumba iliyosimama juu ya miguu ya kuku, anaitwa Baba Yaga, na msomaji wa Kiswahili anayekutana naye kwa mara ya kwanza hulazimika kujikumbusha kila ukurasa kwamba huyo ni ajuza.

Bulgaria ndiyo inayolitukuza zaidi. Tarehe 1 Machi ni siku ya Baba Marta, yaani Bibi Machi, ambapo watu huvalishana nyuzi nyeupe na nyekundu zinazoitwa “martenitsa” kuukaribisha msimu wa kuchipua. Desturi za siku hiyo, zinazopatikana pia Romania, Moldova na Makedonia Kaskazini, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2017. Tena kuna Babinden, siku ya kuwaheshimu wakunga, kwa kuwa mkunga wa jadi naye aliitwa baba. Mwanamke mzee anayempokea mtoto duniani, na anayekaa naye mama akiwa shambani, ana haki kamili ya kudai kwamba silabi za kwanza za mtoto huyo zilimwelekea yeye.

Warusi na Wapolandi pia huita siku chache za joto zinazorudi mwanzoni mwa vuli “kiangazi cha akina baba”, kwa maana ya wanawake wazee. Na neno la Kirusi la kipepeo, “babochka”, kwa kawaida huelezwa kuwa limetokana na neno hilo hilo.

Kinachovutia zaidi ni Bosnia, ambako Waislamu wengi humwita mzazi wa kiume “babo”, kwa athari ya Kituruki cha zama za Milki ya Uthmaniya, huku jirani anayesema lugha karibu ile ile akimwita bibi yake “baba”. Neno la Kituruki na neno la Kislavu yalikutana hapo yakiwa na sauti moja na watu wawili tofauti, na irabu ya mwisho ikafanya kazi ya kuwatenganisha.

Je, “baba” la Kijapani lina uhusiano na la Kislavu?

Halina. Ni kweli kwamba Kijapani nacho kina “baba” kwa maana ya mwanamke mzee, na likitamkwa kwa irabu ndefu mwishoni, “babaa”, huwa tusi. Lakini lugha hizo mbili hazina udugu. Kijapani kina pia “baba” jingine lisilohusiana na la kwanza, linaloandikwa kwa herufi mbili zenye maana ya farasi na mahali, yaani uwanja wa kuendeshea farasi. Ndilo lililomo katika jina la Takadanobaba, mtaa wa Tokyo, na katika jina la ukoo la Baba ambalo Wajapani wengi wanalo.

Kiyoruba kina “baba” moja au kadhaa?

Kwa maandishi yasiyo na alama linaonekana moja. Kwa sikio ni zaidi ya moja, kwa sababu Kiyoruba ni lugha ya toni. Silabi ya kwanza ikiwa chini na ya pili ikiwa juu, “bàbá”, ni baba mzazi na pia mzee wa kuheshimiwa. Silabi zote mbili zikiwa chini, “bàbà”, ni shaba. Mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya babu yake kufariki huitwa Babatunde, baba amerudi, na imani iliyomo katika jina hilo haiko mbali na ile ya makabila mengi ya kwetu yanayorithisha jina la babu kwa mjukuu.

Mganga na msomi wa uaguzi wa Ifá huitwa “babaláwo”, baba mwenye siri. Neno hilo lilivuka Atlantiki pamoja na Wayoruba waliouzwa utumwani. Nchini Cuba bado wapo wanaobeba cheo hicho, na Brazili, katika dini ya Candomblé, kiongozi wa kiume huitwa “babalorixá”. Hapa ndipo Brazili inapokuwa nchi ya pekee kwa mfuatiliaji wa neno hili, kwa sababu ndani ya mipaka yake zimekutana “baba” zisizojuana: hilo la Kiyoruba la heshima ya kidini, “babá”, lenye mkazo mwishoni, ambalo ni yaya wa watoto, “baba”, lenye mkazo mwanzoni, ambalo ni mate yanayomtoka mtoto mdomoni, na katika jimbo la Bahia, “baba” ni mechi ya mpira wa mtaani isiyo na refa wala jezi.

Kwa nini mama Mswahili humwita mwanawe mdogo “baba”?

Swali hili huulizwa na wanaojifunza lugha, na linastahili jibu la makini kuliko lile la “ni mapenzi tu”. Ni kweli kwamba “usilie baba” na “njoo baba” ni maneno ya mapenzi. Lakini chini yake kuna desturi. Katika jamii nyingi zetu mtoto wa kiume hupewa jina la babu yake. Mama aliyempa mwanawe jina la baba yake mzazi anajikuta na mtoto ambaye jina lake ni zito kulitamka kwa kukaripia, na kumwita “baba” kunamwezesha kumheshimu aliyerithiwa jina huku akimbembeleza aliyelirithi. Kutoka hapo mazoea yalienea hata kwa watoto wasiorithi jina la mtu.

Waarabu wa Misri na wa Shamu (yaani Syria na nchi jirani zake) nao hutumia “baba” kwa watoto, na wengine wamelichukua hilo kuwa ushahidi kwamba desturi yetu ni yao. Sikilizeni kwa makini jinsi kila upande unavyosema. Kwa Waarabu, neno humfuata msemaji: baba humwambia mwanawe “ya baba”, na binti yake vilevile “ya baba”, naye mama huwaita wote wawili “mama”, wa kiume na wa kike. Kwa Waswahili, neno humfuata mtoto: wa kiume ni baba na wa kike ni mama, bila kujali anayeita ni nani. Hizi ni kanuni mbili tofauti kabisa, ingawa kwa mpita njia zinasikika kama moja.

Uhindini nako, katika nyumba zenye watumishi, kijana mdogo wa mwenye nyumba alizoea kuitwa “baba”, wakati huo huo neno hilo likitumika kwa mzee na kwa mtu mtakatifu.

Kwa nini neno la nyumbani limekuwa cheo cha kidini?

Kwa sababu dini nyingi zimejieleza kama familia. Mfano ulio karibu nasi ni Kanisa Katoliki, ambalo katika Kiswahili limekusanya maneno manne yenye maana moja kutoka njia nne. “Baba” katika “Baba Mtakatifu” na “Baba Askofu” ni letu la Kibantu. “Papa” limetoka katika Kigiriki “pappas”, baba kwa lugha ya kitoto, kwa kupitia Kilatini. “Padri” ni “padre” la Kireno, ambalo nalo ni baba. Na “abate”, mkuu wa monasteri kama zile za Wabenedikto wa Peramiho na Ndanda nchini Tanzania, linarudi hadi kwenye Kiaramu “abba”, neno ambalo Yesu analitumia katika Injili ya Marko 14:36 na ambalo Biblia ya Kiswahili imelihifadhi kama “Aba”.

Kiarabu kinatoa mfano mzuri wa jinsi sauti inavyoweza kupotosha. Kwa Kiarabu, Papa wa Roma na mkuu wa Kanisa la Kikopti la Misri huitwa “al-Baba”. Hili si neno la mtoto wa Kiarabu kwa baba yake. Ni lile lile la Kigiriki, lililolazimika kubadili “p” kuwa “b” kwa kuwa Kiarabu hakina “p”. Hivyo Mkopti anayesema “Baba” na Mkatoliki wa Moshi anayesema “Baba Mtakatifu” wanatamka sauti moja kwa maneno mawili yenye historia tofauti.

Nje ya Ukristo, Bektashi, tariqa ya Waislamu wa Kisufi ambayo makao yake makuu yako Tirana, Albania, ina cheo kinachoitwa baba. Mshairi wa Kiajemi wa Hamadan anajulikana kama Baba Taher. Masingasinga humwita mwanzilishi wa dini yao, Guru Nanak (1469–1539), Baba Nanak, na Wahindi wengi humkumbuka Sai Baba wa Shirdi, aliyefariki mwaka 1918.

Na “Baba wa Taifa”?

Watanzania wanamwita hivyo Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999, na Wakenya humwita hivyo Jomo Kenyatta, ingawa kwa wafuasi wa Raila Odinga neno “Baba” peke yake, bila nyongeza yoyote, lilitosha kumtaja. Waturuki walikwenda njia tofauti kidogo. Mwaka 1934 walipompa Mustafa Kemal jina la ukoo la Atatürk, hawakutumia “baba” la kila siku. Walichagua “ata”, neno la kale la Kituruki lenye maana ya baba na mhenga. Naona uteuzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa “baba” la Kituruki lina kazi nyingi mno: ni mzazi, ni shehe wa tariqa, ni mkuu wa genge la wahalifu, na ni hata kile kigingi cha chuma gatini ambacho meli hufungwa kamba.

Ali Baba ni baba wa nani?

Si wa mtu. Katika jina lake “Baba” ni neno la heshima la upande wa Uturuki na Uajemi. Hadithi yake haimo katika maandiko ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela Ulela. Mfaransa Antoine Galland aliisikia mwaka 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, msimulizi wa Aleppo, akaiingiza katika tafsiri yake. Kampuni ya Kichina ya Alibaba, iliyoanzishwa Hangzhou mwaka 1999, ilichukua jina lake huko, na alama ya hisa zake katika soko la New York ni BABA.

Vipi vyakula vinavyoitwa baba?

Ni viwili vinavyojulikana sana, na havihusiani. “Baba ghannuj” la Shamu, bilinganya iliyochomwa ikapondwa, linatumia “baba” la Kiarabu cha mazungumzo. Keki ya “baba” inayolowekwa katika pombe, inayopendwa Ufaransa na Napoli, ilifika huko kutoka Poland, ambako neno ni lile la Kislavu la mwanamke mzee.

Je, “babu”, “kibaba” na “babaika” yametokana na “baba”?

“Babu” ni jirani wa wazi wa “baba”, kwa sauti na kwa maana. “Kibaba” ni jambo jingine: ni kipimo cha nafaka, robo ya pishi, kile ambacho haba na haba hukijaza, na maana yake haikutani popote na ya mzazi.

“Babaika” linavutia zaidi. Mtu anayebabaika hutoa maneno yasiyoshikana, na lugha nyingi zimetumia silabi hizo hizo kuiga usemi wa aina hiyo. Kihispania na Kireno vina “baba”, mate ya mtoto, na katika Kifaransa mtu aliyepigwa na butwaa husemwa kuwa “baba”. Hapa chanzo ni kile kile, mdomo wa mtoto unaofungwa na kufunguliwa, lakini safari hii watu wazima walisikia fujo na mate, hawakusikia jina.

Ni sahihi kusema “baba yangu” au “baba wangu”?

Katika Kiswahili sanifu ni “baba yangu”, na wingi wake “baba zangu”, kwa kuwa nomino hii haina kiambishi cha ngeli ya watu na vimilikishi vyake hufuata upatanisho wa nomino za undugu kama “mama”, “dada” na “kaka”. Kitenzi, hata hivyo, humfuata kama mtu: “baba yangu amefika”, “baba zangu wamefika”. Maumbo yaliyofupishwa, “babangu”, “babake” na “babaye”, ni sahihi pia, na la mwisho hukutwa zaidi katika ushairi na maandishi ya zamani. Kwa wanaume kwa jumla tunasema “akina baba”.

Kama neno hili ni la kale kiasi hicho, mbona halikuchakaa?

Maneno mengine huchakaa. Neno la kale la lugha za Kihindi-Kiulaya kwa baba lilianza kwa “p”, kama linavyoonekana katika Kilatini “pater” na Kiajemi “pedar”, lakini katika Kiingereza “p” hiyo ilikwisha kugeuka “f”, likawa “father”. Hata hivyo mtoto anayelelewa kwa Kiingereza bado hutoa sauti ya “papa” anapoanza kubwabwaja, kana kwamba mabadiliko hayo hayakutokea. Neno la kitoto haliwezi kuzeeka kwa namna ya maneno mengine kwa kuwa halirithiwi tu; kila kizazi hulitengeneza upya, na mzazi hulipokea upya.

Wachina wamelihifadhi jambo hili katika maandishi. Neno lao la kale la baba, ambalo leo hutamkwa “fu”, zamani lilianza kwa sauti ya “b”. Karne zilipita, sauti ikahama, na “fu” likabaki neno la heshima la kuandikia. Watoto hawakuhama nayo. Waliendelea kusema “ba”, mpaka ikabidi waandishi watengeneze herufi nyingine kwa ajili yao, nayo ndiyo inayotumika hadi leo katika “baba” la Kichina: juu wameweka herufi ile ile ya kale ya “fu”, ionyeshe maana, na chini yake wameweka herufi inayosomwa “ba”, ionyeshe sauti.